Mawe Katika Ndengu za Mama Mkwe

Mwaka huu nyumba yetu ilipata mchezo mpya, na mchezo wenyewe ulianza kwa jino langu. Mwezi wa nne tulikuwa tumekwenda Ishiara kwa mama mkwe, na kama ilivyo desturi nikaketishwa peke yangu sebuleni, nikaletewa sahani ya ndengu na chapati mbili, nikaachwa na heshima zangu. Kijiko cha tatu niliuma jiwe. Gego likatoa mlio ambao nadhani ulifika barabarani. Mtu mwingine angetema, lakini mkwe hatemi chakula cha mama mkwe wala hakitolei maoni. Nililimeza lile jiwe pamoja na kipande cha jino, na kabla sahani haijaisha nilikuwa nimemeza mawe mengine mawili. Mke wangu alipokuja kuondoa vyombo aliniuliza kama nimeshiba. Nilimwambia nimeshiba sana, na hapo sikudanganya.

Tulirudi Meru na nusu gunia la ndengu hizo hizo. Jumapili iliyofuata, mke wangu, Mama Makena, ambaye ni mwalimu na huendesha nyumba kwa kengele isiyoonekana, aliweka uteo mezani, akamwaga ndengu, akakusanya simu zetu zote kwenye kikapu na kutangaza kwamba sasa tutachagua mawe kama familia. Kila jiwe likipatikana linaingia katika chupa tupu ya jemu. Anayepata mawe mengi haoshi vyombo. Mimi nimeosha vyombo tangu mwezi wa nne hadi wa nane, na watoto wanasema sijui kutazama kitu kilicho mbele yangu. Hata hivyo, katika mambo yote tuliyofanya pamoja mwaka huu, hakuna lililotufurahisha kama hizo Jumapili. Makena, ambaye ana miaka kumi na mitatu na siku hizi hutuzungumzisha kwa zamu, alikuwa anasimulia habari zote za shule huku vidole vyake vikifanya kazi.

Nimtaje na mdogo wake mapema, maana bila yeye safari ninayoisimulia haina maana. Anaitwa Marigu, ana miaka minane, na jina hilo ni la mama mkwe. Kwetu na kwao, mtoto akipewa jina la mtu, basi ndiye mtu huyo. Mke wangu humwita "mami" na hafanyi mzaha. Kaka ya mke wangu, Ireri, mwenye duka kule Gachoka na kifua cha fahali, akimpigia simu huanza kwa kuuliza kama mama yake amelala vizuri.

Mwezi wa saba chupa ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Jumapili ya kwanza mke wangu alikuwa ameapa kwamba ndengu za mama yake hazijawahi kuwa na jiwe, kwamba wanawake wa soko la Ishiara walikuwa wakizitafuta kwa sababu unaweza kuzitia sufuriani gizani. Sasa alikuwa kimya. Makena aliinua chupa kuelekea dirishani, akaitikisa.

"Mama, kwani Cucu haoni?" aliuliza; Cucu ndivyo wanavyomwita bibi yao.

Mke wangu aliinuka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa limewashwa. Aliporudi alituambia. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwona mama yake mwanzoni mwa mwaka: mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limeshafunga na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Upasuaji ulikuwepo, hapa hapa Meru, na angeweza kukaa kwetu wiki mbili tumtie dawa. Kwa Ireri ni chumba kimoja nyuma ya duka, na yeye hushinda akiuza. Lakini Cucu alikuwa amekataa mara tatu.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Anaogopa sindano," alisema mke wangu, bila kunitazama.

Basi tukakubaliana kwamba shule zikifungwa tutakwenda kumsaidia kupura ndengu za msimu, na tutarudi naye, sindano itake isitake.

Saa kumi na mbili asubuhi, Meru. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mji na kila mmoja wetu alikuwa amevaa sweta mbili. Gari letu ni kubwa kwa umri kuliko Makena na huamka kwa kubembelezwa. Tulipakia viazi, ndizi, majani chai na kabichi tano, kwa sababu mtu wa Meru akienda nchi ya joto huamini kwamba huko watu hawajawahi kuona kabichi. Mke wangu alinivalisha shati jipya la manjano, la rangi ambayo ng'ombe angeweza kuiogopa, akasema nikipotea sokoni nitaonekana. Makena aliingia mwisho na ile chupa ya mawe, akaiweka katikati ya miguu yake.

"Hiyo ya nini?" nikamuuliza.

"Ushahidi," akasema.

Nkubu tulivua sweta ya kwanza. Hapo barabara inaachana na baridi na kuanza kuteremka, na mimi huanza kuwa mtu mdogo kadiri tunavyoteremka, maana akili yangu ni ya mlimani. Mitunguu tulivua ya pili, katikati ya migomba na maembe yanayomwagiliwa maji. Mtoni Mutonga Marigu alivua viatu. Chiakariga, kwenye vilima vya mawe, mke wangu alifungua dirisha na kunusa hewa ya moto, na sura yake ikabadilika, akawa msichana wa huko. Mimi nilikuwa nimeshikilia usukani kwa leso. Kathwana tulinunua maji, nikajimwagia nusu kichwani, na muuza maji akaniuliza kwa upole kama natoka Meru. Sijui alijuaje.

Saa tano hivi tulivuka mto Thuci, na muda si muda tukalipita soko la Ishiara na kuingia njia ya vumbi inayokwenda kwa mama mkwe. Hapo gari nalo likaona limefanya vya kutosha. Rejeta ilianza kuchemka hatua chache kutoka kwenye lango la boma.

Cucu alikuwa amesimama mlangoni. Wasichana walimkimbilia naye akawashika nyuso kwa mikono miwili, mmoja mmoja, akizipapasa. Nilidhani ni mapenzi tu. Mimi nilimsalimu kutoka mbali, nikiwa nimeinamisha macho kama inavyotakiwa, naye akanijibu huku amegeuka upande, kama inavyotakiwa. Miaka kumi na mitano tumeheshimiana hivyo, mimi na yeye, na ukijumlisha maneno yote tuliyoambiana hayajazi ukurasa. Kisha nikarudi kwa rejeta yangu.

Baada ya robo saa hivi, gari lilipotulia, nilizunguka nyuma ya nyumba na kuketi kwenye kiti changu. Kila mkwe ana kiti chake. Changu kiko kwenye kivuli cha ghala, kinatazama jikoni, lakini kwa umbali wa adabu. Wasichana walikuwa wamekwenda kuona mbuzi. Mke wangu alikuwa ndani ya jiko akiwasha moto. Nilikuwa sijapata pumzi vizuri Cucu alipotoka, akavuta kigoda, akaketi hatua nne kutoka kwangu, ananitazama usoni.

"Huyo Mmeru wako bado anapanguza gari?" akauliza, kwa Kimbeere, akielekeza sauti jikoni.

"Ako kwa gari," mke wangu akajibu kutoka ndani.

Kimbeere na Kimeru si mbali sana, na miaka kumi na mitano ya kukaa kimya imenifunza kusikiliza. Nilidhani ananitania. Nilitabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Huyo mtu ni mzuri," aliendelea, akiwa bado ananitazama, "lakini jua linamuua. Aprili nilimskia akikula. Alikuwa akitafuna polepole, kama mtu anaogopa kuamsha mtoto. Nikajua kuna mawe. Nililala na aibu mpaka asubuhi."

"Mama, wacha hayo. Kesho kutwa unaenda na sisi."

"Siendi. Nilikwambia."

"Hata nimemwambia ni sindano unaogopa."

"Mwambie hivyo hivyo. Sindano nimedungwa tangu ukiwa tumboni." Alipitisha kiganja mbele ya jicho lake la kulia, kushoto na kulia, kama mtu anayefuta kioo. "Mimi nitalalaje kwa nyumba ya muthoni, ya mkwe? Nikae huko wiki mbili, anione nikitoka kuoga, anione nikipapasa ukuta? Mama yangu hakulala kwa mkwe. Heri nifunge macho na heshima yangu iko."

Nilikuwa pale, hatua nne, katika shati la manjano, na mama mkwe alikuwa haoni kwamba nipo. Ninaandika haya nikiwa bado na haya. Ilinipasa nikohoe. Mtu yeyote aliyelelewa vizuri anakohoa anapojikuta mahali ambapo hakutarajiwa, hiyo ndiyo kazi ya kikohozi. Lakini nilifikiria: nikikohoa sasa, atajua nimesikia yote, na baada ya hapo hatanitazama tena hata akipata macho kumi. Basi nikabana pumzi. Alipoinuka kwenda kuangalia sufuria, nilinyata kurudi kwenye gari, nikafungua boneti, nikaitazama injini kwa muda mrefu.

Jioni niliketishwa sebuleni na sahani ya ndengu. Nilitafuna kama kawaida. Mke wangu aliponiuliza kwa nini nimenyamaza, nilimwambia ni jua.

Saa mbili asubuhi ya siku ya pili, uwanjani. Ndengu zilikuwa zimekauka kwenye maganda yake, rundo la kufika kiunoni. Zamani Cucu alizipura juu ya udongo uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, na akipepeta macho yake yanaokota kila jiwe. Safari hii tulikuwa tumeleta turubai. Kila mtu alipewa fimbo. Wasichana walipiga kwa fujo na kicheko, wakipigana na maganda kuliko kuyapura. Mimi nilijitahidi nionekane mtu wa kazi, na kwa dakika kumi nilionekana. Kisha nikaketi pembeni kwenye mzizi wa mgunga, natiririka jasho, na hakuna aliyeshangaa. Cucu alikuwa akipiga bila kukosea hata mara moja, fimbo ikishuka pale pale ganda lilipo. Ungemtazama ungesema ana macho ya mwewe. Nilielewa kwamba alikuwa anasikiliza, na kwamba ametudanganya sote kwa masikio yake.

Alipoanza kupepeta, Makena alikwenda akachukua chupa yake. Nilimpungia mkono asifanye hivyo. Hakuniona, au aliniona.

"Cucu, shika hii," akasema, na kumpa mkononi.

Cucu aliipima uzito. Aliifungua, akamimina mawe machache kwenye kiganja, akayasugua kwa kidole gumba. Aliyajua yalikotoka kabla hajaambiwa.

"Hizi zote zilitoka kwangu?"

"Za Aprili pekee," alisema Makena, na sauti yake ikaanza kulegea kwa sababu alikuwa ameona uso wa bibi yake. "Cucu, hatukukasirika. Ilikuwa ni gemu. Tulikuwa tunaenjoi."

"Na watu wa soko?" Cucu aliuliza, si kwa yeyote. "Ndio maana hawaji tena." Aliketi chini kwenye turubai, miguu imenyooka, mawe yakiwa bado kiganjani. "Baba yenu asijue hii maneno. Ndengu zangu. Huyo mtu asijue."

Mke wangu alinitazama juu ya kichwa cha mama yake. Makena alinitazama. Hata mbuzi, naona, alinitazama. Kwa mara ya pili katika siku mbili nilikuwa nimekaa mbele ya mwanamke yule kama gunia, namwacha aamini kwamba sipo. Nilifikiri jinsi heshima yangu ilivyokuwa nyepesi kuibeba. Ilinigharimu kipande cha jino tu. Yeye ilikuwa inamgharimu macho. Nilikuwa na hasira, na mtu niliyemkasirikia alikuwa ndani ya shati langu.

Nilikohoa.

Cucu alishtuka, akavuta leso yake mpaka usoni.

"Mama," nikasema, na neno hilo lilitoka na vumbi, maana sikuwahi kulitumia kwake peke yangu bila mke wangu kuwa katikati. "Nilikula hizo mawe tatu na bado niko. Na jana nilikuwa kwa kiti. Nilisikia yote. Mimi ndiye mwenye makosa. Sikukohoa."

Cucu aligeuka upande, akawa ananionyesha kisogo, na mabega yake yalikuwa yamekazwa. Mke wangu alifunika mdomo. Nilidhani sasa nimeharibu kabisa, na kwamba tutarudi Meru wanne kama tulivyokuja, na mwaka ujao mama mkwe atakuwa gizani na hataki hata kusikia jina langu.

Marigu mdogo alikuwa bado anapiga maganda. Aliacha.

"Kwani shida ni gani?" aliuliza.

"Cucu hawezi kulala kwa nyumba ya baba yako," mama yake akamwambia kwa sauti ya chini. "Ni muthoni. Ni aibu."

Marigu alifikiri. Huwa anakunja pua akifikiri.

"Lakini Cucu ni mimi."

"Ndio, mami."

"Na mimi hulala huko kila siku. Kitanda yangu iko huko, na sanduku. Hata kuoga huwa naoga huko." Alimgeukia bibi yake, akampigapiga begani kwa fimbo, bila adabu yoyote. "Sasa Cucu, si wewe umelala huko miaka minane? Mbona aibu ikuje leo?"

Cucu alishusha leso kidogo, akaonekana jicho moja lenye wingu.

"Nani amekufundisha hayo maneno?"

"Hakuna."

"Ni chumba ya nani hiyo unalala?"

"Yangu na Makena. Baba haingiangi. Hugonga."

"Hugonga?"

"Na tukikataa anaenda."

Cucu alicheka kwa pua, mara moja, kisha akajizuia. Akasema haiwezekani, mambo kama hayo hayaamuliwi na mtoto, ni lazima mwanawe mkubwa aulizwe. Nadhani alikuwa ametafuta mlango wa kutokea. Mke wangu alipiga simu Gachoka pale pale, akaweka sauti ya juu, na tukamsikia Ireri akimhudumia mteja wa sukari huku dada yake akimweleza.

"Ngoja kidogo," alisema Ireri. "Ni nani amesema aende?"

"Mami. Huyu mdogo."

Tulisikia kibweta cha pesa kikifungwa.

"Sasa kama mama amesema mama aende," alisema Ireri, "mimi ni nani? Mnataka nibishane na mama yangu mara mbili?"

Cucu alimimina yale mawe kurudi kwenye chupa, akafunga kifuniko. Alisema tumalize kupura kwanza, kwa sababu hawezi kuacha ndengu uwanjani zinyeshewe mvua.

Siku ya tatu, alfajiri, Ishiara hadi Meru. Tulivua tukija, tulivaa tukirudi. Cucu aliketi nyuma katikati ya wasichana, na mimi nilikiinua kile kioo cha dereva kidogo ili nisimwone, adabu ni adabu. Chiakariga alivaa sweta ya Makena. Mitunguu alisema jua la huku ni la kuchorwa, halina moto. Nkubu meno yalianza kugongana, Marigu akamvisha kofia yake ya sufu yenye kishada.

"Hii ni nguo ya nani?" tulimsikia akiuliza.

"Ni ya Marigu."

"Basi ni yangu," akasema, akaivuta hadi masikioni.

Meru, mlangoni kwetu, alisimama na hakuingia. Nilikuwa nimebaki nyuma kwenye gari kwa makusudi. Marigu alitangulia ndani, akageuka, akamshika mkono. "Ingia kwako," akamwambia. Akaingia.

Kwa wiki mbili nilikuwa mgeni katika nyumba niliyojenga. Nilikula jikoni. Nilioga kabla ya kila mtu kuamka. Nilikuwa nakohoa kwenye kila kona, mpaka jirani akatuletea malimau na asali. Upasuaji wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko rejeta yangu kupoa: jicho la kulia kwanza, la kushoto daktari akasema litafuata mwezi wa kumi na mbili. Siku bandeji ilipotolewa nilikuwa nimesimama ukumbini hospitalini, mbali, nikiwa nimevaa shati lile la manjano kwa sababu mke wangu ndiye aliyelitoa kabatini. Cucu alitoka akiwa ameshikwa mkono na wajina wake. Alitazama dirisha. Alitazama viatu vyake. Alitazama mikono yake kwa muda mrefu, na akamwambia binti yake kwamba imezeeka na hakuna aliyemwambia. Kisha akanitazama mimi, moja kwa moja, kitu ambacho hakuwahi kufanya akijua ni mimi.

"Kumbe ni wewe ulikuwa kwa kiti," akasema. "Mimi nilidhani ni shuka imeanikwa."

Nililia kidogo. Nilijifanya ni kikohozi.

Mwishoni mwa Agosti tulimrudisha Ishiara, kwa barabara ile ile, tukivua nguo kwa vituo vile vile. Safari hii alikuwa anatutangazia kila kitu kilichopita dirishani, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa hatuoni: mbuzi wa nani, nyumba mpya ya nani, mti fulani umekatwa na hajaulizwa. Kathwana muuza maji yule yule aliniuliza tena kama natoka Meru. Mtoni Thuci Cucu aliomba tusimame, akatazama maji, tukaendelea.

Jioni hiyo kabla ya kuondoka, jua likiwa bado juu ya ghala, tulikuta amekwisha kuketi na uteo magotini, anachagua ndengu za msimu peke yake, vidole vinakwenda haraka kuliko vyetu wanne. Makena alitazama kwa dakika moja, akasema mchezo wetu umekwisha, sasa Jumapili tutafanya nini. Hajakosea. Gunia tulilorudi nalo hatujapata jiwe hata moja ndani yake, na siku hizi vyombo vinaoshwa kwa zamu. Tunakaa mezani tu, simu zikiwa kikapuni, tunachagua ndengu safi, na bado tunaongea. Hilo ndilo nililoligundua mwaka huu kuhusu watoto wangu. Kuhusu mimi mwenyewe nimegundua kwamba ninaweza kukaa kimya hadi mtu apofuke, na niite hayo malezi mema. Silipendi jambo hilo, na ndiyo maana nimeliandika.

Jioni ile ile kule Ishiara niliketishwa sebuleni peke yangu, kama kawaida. Mke wangu aliniletea sahani ya ndengu, akaondoka upesi kuliko kawaida, na mlango wa jiko ukabaki wazi. Ndengu zilikuwa safi, zinang'aa kwa mafuta. Juu yake kabisa, katikati, palikuwa na jiwe moja dogo, limeoshwa likaoshwa tena, limewekwa pale kwa vidole vya mtu anayeona vizuri.

Nilikohoa.

"Sawa," ilisema sauti ya mama mkwe kutoka jikoni. "Sasa kula."